Je, Wajua? Mlezi, Yatima na Mzee Mbele ya Sheria

Msiba ukiisha, shangazi huondoka na watoto, bibi huhamia kwa binti yake, na matanga huanuliwa. Huo ni wema mkubwa. Ila wema huo peke yake haumlindi yatima siku kiwanja cha baba yake kinapotafutiwa mnunuzi. Kila anayelea na ayajue haya.

Je, wajua kwamba kikao cha ukoo hakimpi mtu mamlaka juu ya mali ya marehemu? Kikao hupendekeza jina. Nchini Tanzania, muhtasari wake hupelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo, na mahakama ndiyo inayomteua msimamizi wa mirathi.

Je, wajua kwamba usimamizi si umiliki? Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi minne, labda mahakama imwongezee muda, kuwasilisha Fomu Namba V yenye orodha ya mali yote: nyumba, shamba, ng'ombe, akiba ya benki, na madeni pia. Baadaye Fomu Namba VI hueleza kilichoingia, kilichotoka na nani kagawiwa nini. Mrithi, ziulizie fomu hizo.

Je, wajua kwamba wazazi wote wawili wakifariki, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inaruhusu jukumu la malezi lihamie kwa ndugu wa upande wowote? Mama mdogo ana nafasi sawa na baba mkubwa. Sheria hiyohiyo inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama yake? Baba anaweza kupinga kwa ushahidi, maana kinachotangulia ni ustawi wa mtoto.

Je, wajua kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa? Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitambua hivyo mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu.

Je, wajua kwamba Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la? Kifungu cha 57 nacho kinampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na Serikali.

Je, wajua kwamba katika kafala ya Kiislamu, yaani kumlea mtoto wa mwingine, mtoto hubaki na nasaba ya baba yake mzazi? Hamrithi mlezi wake, lakini mlezi anaweza kumwachia wasia usiozidi theluthi ya mali.

Je, wajua kwamba hati ya uwakili hufa pamoja na aliyeitoa? Baba akishazikwa, usiitumie tena kutoa fedha zake benki.

Je, wajua kwamba tangu mwaka 2016 Zanzibar huwalipa pensheni wazee wenye miaka 70 na kuendelea, hata ambao hawakuwahi kuajiriwa?

Je, wajua kwamba namba 116 hupokea taarifa za mtoto anayeteswa au kutelekezwa, Tanzania na Kenya pia?

Basi unayelea, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii ukaulize, ufungue mirathi mapema, na utunze vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Haki ya yatima isisubiri ugomvi ndipo itafutiwe karatasi.