Gharama ya Kamba Isiyotumika

Hapa mkoani Singida, mtu akiuawa, neno linalosikika upesi mikutanoni ni kwamba Serikali imnyonge muuaji, kwani kumlisha maisha yake yote ni kula jasho la wakulima. Hoja hiyo ina uzito wake, hasa inaposemwa na mzazi aliyezika mwanawe. Lakini tumeipima, na tunaona hesabu yake imekosewa. Tunawaomba ndugu zetu wa Unguja na Pemba, pamoja na watumishi wa Serikali wanaopanga matumizi ya fedha za umma, waifuate pamoja nasi.

Kesi ya mauaji si kesi ya wizi wa mbuzi. Mshitakiwa hana dhamana. Hukaa mahabusu akilishwa na Serikali mpaka upelelezi ukamilike. Hapo ndipo Mahakama Kuu huisikiliza. Kwa miaka mingi Jaji alitoka Dodoma, mwendo wa kilomita zipatazo 240, na karani na dereva wake, kila mmoja na posho yake. Wakili wa mashitaka hulipwa na Serikali. Na mshitakiwa akiwa fukara, kama walivyo wengi, wakili wake naye hulipwa na Serikali hiyo hiyo. Mashahidi huitwa kutoka Mkalama, Itigi na Iramba. Hukumu ikitoka, rufaa husikilizwa na Majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, kisha jalada humfikia Rais, mwenye mamlaka ya kusamehe au kuidhinisha.

Na baada ya yote hayo, hanyongwi mtu. Tangu katikati ya miaka ya 1990 kamba haijatumika nchini. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba hatatia saini ya kunyonga. Hata hivyo sheria haimwachii Jaji hiari: akimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kukusudia, hukumu ni kunyongwa. Hivyo mamia wamekaa magerezani, kama Isanga kule Dodoma, wakitengwa na wenzao na kulindwa usiku na mchana, wala hawatoki kulima kama wafungwa wengine. Umma unalipia adhabu iliyo ghali kupita zote, na unachopata ni kifungo cha maisha, tena kisicho na jembe.

Wapo watakaotujibu: basi tunyonge upesi, gharama ipungue. Hapana. Mlolongo huo ni mrefu kwa sababu kosa la kunyonga halirekebishiki, na anayeufupisha hapunguzi gharama, bali anaihamishia kwa asiye na hatia. Hata Marekani, nchi tajiri, wamelionja: uchunguzi wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa jimbo la California lilikuwa limetumia takriban dola bilioni 4 tangu mwaka 1978, na walionyongwa au kuuawa kwa njia nyingine za kisheria ni 13 tu.

Wala Singida si ngeni katika mambo haya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mkoloni alinyonga watu hapa kwa mauaji ya wale walioitwa watu-simba. Imani za kichawi zilizoyazaa hazikufa kwa kamba. Vikongwe wasio na hatia waliendelea kuuawa katika mikoa ya kati na ya ziwa miaka mingi baada ya Uhuru.

Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, akiwa Mahakama Kuu Dodoma, aliamua kwamba adhabu hii inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, ingawa ilikubali kwamba adhabu yenyewe ni ya kikatili. Uganda, mwaka 2009, Mahakama ya Juu iliamua kwamba asiyenyongwa ndani ya miaka mitatu tangu rufaa yake ya mwisho, adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman nayo ilipendekeza mwaka 2023 muda huo huo wa miaka mitatu kwa nchi yetu.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya shule ya Serikali tulifundishwa habari ya dia, yaani haki ya wafiwa kufidiwa. Katika hesabu yote tuliyoitaja hapo juu, mjane wa marehemu amelipwa nauli ya shahidi tu. Wizara ya Katiba na Sheria na ilete Bungeni gharama ya kila kesi ya aina hii, toka mahabusu hadi Ikulu, na pembeni yake iandikwe alichopata mjane.