Gari Kuukuu la Kijiji: Kazi Tunazoweza Kuzifanya Wenyewe



Vijiji vingi vya kaskazini mwa nchi yetu, kama kule Longido, Loliondo na Simanjiro, bado vinazitegemea Landrova za zamani. Magari haya yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Ile tunayoiita wan-teni ilitoka mwaka 1983, na mwaka 1990 ikapewa jina la Defender. Kiwanda kiliacha kuitengeneza Januari 2016. Basi hata ile ya mwisho kabisa si mpya tena, na nyingi tulizo nazo vijijini zina umri wa kuweza kuitwa babu.

Lakini zinafanya kazi. Mwezi wa Oktoba 2024 mamia ya Landrova yalikusanyika Arusha kwa sherehe, na nyingi zilikuwa za kizamani. Vijijini hakuna sherehe. Huko gari hili ndilo linalopeleka mahindi mnadani asubuhi, na usiku huohuo ndilo linalomkimbiza mama mjamzito hospitali. Likishindwa njiani, mtu anaweza kufa.

Watu wengi wakisikia neno "kuboresha gari" hufikiria rangi mpya, rimu za kung'aa na redio ya kelele. Hatukatazi. Ila fedha za kijiji ni chache, na kuna kazi ndogo ndogo ambazo gharama yake haifiki hata bei ya tairi moja zuri, nazo zinafaa zaidi. Tuanze na taa, maana huko ndiko tunakoona hatari kubwa.

Mmewahi kusafiri usiku katika Landrova ambayo taa zake ni nyekundu kama mkaa unaozimika? Dereva anainama mbele, anakodoa macho, na ng'ombe anamwona akiwa amekwisha mfikia. Wengi husema betri imechoka. Wananunua betri mpya, na taa zinabaki vilevile! Kosa mara nyingi haliko kwenye betri. Liko njiani.

Umeme ni kama maji ya mfereji. Mfereji ukiwa mrefu na mwembamba, tena umejaa majani, maji yanayofika shambani ni machache, hata kama chemchemi imejaa. Sasa tupige hesabu kidogo. Balbu nyingi za mbele ni za wati 60. Mbili ni wati 120. Gawanya kwa volti 12 za betri, unapata ampea 10. Katika magari haya ampea zote 10 hupita kwenye swichi ndogo iliyo karibu na usukani, halafu ndipo zirudi mbele kwenye taa. Njia nzima ni waya mwembamba wa miaka thelathini au arobaini. Kila kiungo chenye kutu kinakula umeme kidogo. Umeme ukipungua sehemu moja tu katika kumi, mwanga wa balbu hupungua karibu sehemu tatu katika kumi. Ndiyo maana upungufu mdogo wa umeme unaleta giza kubwa.

Kabla ya kununua chochote, tazameni ethi. Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri. Umeme unakwenda kwenye taa kwa waya, lakini kurudi unapitia kwenye mwili wa gari lenyewe. Landrova ina tabu yake hapa. Bodi yake ni ya alumini, na chesi ni ya chuma. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini huliwa. Mtaona unga mweupe kwenye maungio. Unga ule haupitishi umeme.

Kuna namna rahisi ya kupima. Washeni taa wakati wa jioni, gari likiangalia ukuta. Chukueni waya mnene, upande mmoja uguseni kwenye kichwa cha hasi cha betri, kile chenye alama ya kutoa (−). Upande wa pili uguseni kwenye waya wa ethi wa taa, kwa kawaida mweusi. Mwanga ukiongezeka ukutani, jueni ethi ni mbovu. Dawa yake ni spana, msasa na subira. Zimeni kila kitu, fungueni waya wa hasi kwenye betri, kisha fungueni kila bolti ya ethi, sugueni mpaka metali ing'ae, pakeni vaselini kidogo, kazeni tena. Halafu ongezeni waya mpya mnene kutoka betri mpaka kwenye chesi, na mwingine kutoka taa mpaka kwenye chesi. Kazi hii peke yake inaweza kurudisha mwanga mliousahau.

Kazi ya pili ni kutia rilei. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme. Ni kiboksi kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba. Koili ikipata umeme mdogo inakuwa sumaku, inavuta kichuma, na kichuma kile kinaunganisha njia ya umeme mkubwa. Kwa hiyo swichi ya usukani haibebi mzigo tena. Inatoa amri tu, kama mwenyekiti wa kijiji siku ya kupakia magunia.

Geuzeni rilei muitazame chini. Mtaona miguu, na kila mguu una namba yake. Hapa ndipo kusoma kunapofaa, maana anayefunga kwa kubahatisha ataunguza waya. Namba 30 inapokea umeme kutoka kichwa cha chanya cha betri, kwa kupitia fyuzi ya ampea 15. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Namba 87 inapeleka umeme kwenye taa zote mbili. Namba 85 inakwenda kwenye ethi. Namba 86 inapokea amri, yaani ule waya wa zamani uliokuwa ukiwasha taa. Rilei nyingine zina mguu wa tano, 87a. Huo uacheni.

Mnahitaji rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, na kila moja iwe na fyuzi yake. Kwenye Landrova waya wa fulu ni wa buluu wenye mstari mweupe, na wa dimu ni wa buluu wenye mstari mwekundu, kama hakuna fundi aliyepita akabadilisha! Kwa amri tumieni waya za plagi ya upande mmoja tu, na za upande wa pili zifungeni vizuri kwa utepe wa umeme zisiguse bodi. Waya mpya uwe wa milimita 2.5 za mraba, wenye nyuzi nyingi ndani. Ule wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu haufai, kwa sababu gari linatikisika na uzi ule utakatika.

Baada ya hapo kuna vijana watakaoshauri balbu za wati 100. Msiwasikilize. Plagi ya taa itayeyuka. Na zile balbu za LED za bei rahisi, ukizitia ndani ya taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida, nyingi hutawanya mwanga ovyo. Wewe utafurahi, lakini anayekuja mbele yako hataona kitu. Balbu ya kawaida iliyopata umeme wake wote inatosha.

Sasa tuje kwenye mito. Wengi wanajua mkonga, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda mpaka juu ya paa. Ni kitu kizuri, hata kwa vumbi, mradi viungo vyake vyote vimezibwa. Tumeona mikonga mingine ya urembo tu, chini ina tundu la kupitisha kidole. Lakini hata mkonga mzuri haulindi difu.

Difu inapotembea inapata moto. Hewa iliyo ndani inapanuka na kutoka kwa kitundu kidogo kinachoitwa kipumulio. Gari likiingia mtoni, difu inapoa ghafla. Hewa inasinyaa, na difu inavuta pumzi. Kama kipumulio kiko chini ya maji, kitavuta nini? Kama hamuamini, fanyeni jaribio hili nyumbani. Mimineni maji ya moto kidogo katika chupa ya plastiki, tikiseni, mwageni, fungeni kizibo upesi. Kisha tieni chupa katika maji ya baridi. Itabonyea yenyewe. Difu ni ya chuma, haiwezi kubonyea, kwa hiyo inanyonya maji.

Maji yakichanganyika na oili inakuwa nyeupe kama chai ya maziwa, na haiwezi tena kulinda meno ya gia. Gharama ya kuzuia haya ni mpira mwembamba wa mafuta, ule unaostahimili dizeli na joto. Toeni kipumulio, tieni kinipo kinachoingia kwenye tundu lile, chomekeni mpira, mkaupandishe mpaka juu ndani ya boneti. Ufungeni usiguse ekzosi wala propela shafti, na mwisho wake uelekee chini usiingie vumbi. Difu zote mbili zifanyiwe hivyo. Magari mengine yalitoka kiwandani na mpira huu tayari. Hayo yakaguliwe kama haukukatika.

Lakini hayo yote si ruhusa ya kuvuka mafuriko. Maji yanayokwenda kasi yana nguvu ya kulisukuma gari zima, na watu walio nyuma chini ya turubai hawana pa kutokea. Subirini maji yapungue.

Tairi tutazisema kwa ufupi, maana kila mtu anajua kipara ni kibaya. Wasichojua wengi ni umri. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT, na mwisho wake kuna namba nne katika kiduara kirefu. Kama ni 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuza mitumba akikuambia "hili jipya kabisa", chuchumaa usome. Namba isipoonekana upande huu, tazama ubavu wa pili. Na upepo: kitabu cha Landrova 110 chenye tairi za 7.50 inchi 16 kinataja 28 mbele na 48 nyuma likiwa na mzigo. Gari la namna nyingine lina namba zake. Tairi lenye upepo mdogo linapinda-pinda, linapata moto, na mwisho wake ni kupasuka.

Kuna jambo moja tunaloliogopa, nalo linaitwa kuboresha. Watu huongeza majani ya springi ili gari lisikae chini, halafu wanaongeza magunia. Gari linasimama vizuri, kweli. Lakini breki ni zilezile, chesi ni ileile. Baadhi ya Landrova za zamani zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka kwenye mteremko, hakuna breki hata moja. Springi hazikuongeza chochote hapo. Breki apewe fundi anayezijua. Sisi tufanye lililo letu: kutazama mafuta ya breki kila wiki, kuangalia kama kuna unyevu ndani ya magurudumu, na kubadilisha mafuta hayo baada ya miaka miwili, kwa sababu yanavuta maji kutoka hewani hata yakiwa hayavuji.

Mwisho, nunueni daftari la shule, mlifunge kwa kamba kwenye dashibodi pamoja na kalamu. Kila dereva aandike, hata kama ni maneno machache, namna hii: "Juni 4. Oili ya difu ya nyuma imebadilishwa. Ilikuwa nyeupe. Mto ulivukwa Juni 1. Mpira wa kipumulio ulikatika, umefungwa mpya." Dereva wa zamu inayofuata asome kwanza, ndipo awashe gari.