Fahamu: Dhahabu ya usiku na mali za kiongozi wako

Wachina humkumbuka Yang Zhen, ofisa wa enzi ya Han, karibu miaka 1,900 iliyopita. Wang Mi, aliyepata cheo kwa kupendekezwa naye, alimpelekea dhahabu usiku akisema hakuna atakayejua. Yang Zhen akaikataa: mbingu na ardhi zinajua, na wao wawili wanajua.

Kwetu Tanzania jambo hilo halikuachiwa dhamiri pekee: Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Mpangaji wa Mbagala au Tandale anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo anajua uzito wa katazo hilo. Mtunga sheria hakupaswa kuwa baba mwenye nyumba wa mpangaji huyo. Masharti hayo yalilegezwa kwa uamuzi uliofanyika Zanzibar mwaka 1991, na pengo lake bado linaonekana.

Kilichopo sasa ni Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Waziri, mbunge na hata diwani hutakiwa kutoa tamko la mali na madeni kwa Sekretarieti ya Maadili kila mwisho wa mwaka.

Nawe una sehemu yako: ukiombwa hela ya soda ili upewe huduma, usitoe. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.