Mtoto wa Meza Aoshaye Vyombo

Jumapili moja baada ya Misa, mama mmoja wa hapa Malampaka alinivuta kando, akaniomba nimfafanulie jambo lililomsumbua tangu katikati ya juma. Binti yake anafanya kazi za nyumbani huko Dar es Salaam, naye alikuwa amempigia simu akilia. Alisema ameharibu mtoto wa meza wa kuoshea vyombo, na kwamba tajiri wake anataka kumkata mshahara wa miezi miwili ili amlipe fundi. "Mimi nimelea watoto sita," akasema mama yule, "lakini mtoto wa meza aoshaye vyombo sijamsikia. Mwanangu ana akili timamu kweli?"

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Mshahara ule ndio unaowasomesha wadogo zake wawili.

Akili ya binti ilikuwa salama. Mtoto wa meza ni lile sanduku la kuvuta lililo chini ya meza, ambalo vijana wa leo huliita droo. Na kweli iko mashine ya kuosha vyombo iliyotengenezwa kwa mfano huo. Nilipata kuiona na kuitumia nilipokuwa masomoni ng'ambo, hata nikaifungua mara moja kwa udadisi, na nusura nifukuzwe jikoni.

Mashine nyingi za kuosha vyombo zina mlango wa mbele uangukao chini, kama mlango wa tanuri. Hii ya droo ni ya siku za karibuni: kampuni ya Fisher & Paykel ya New Zealand iliitoa mwaka 1997. Hapa beseni zima huvutwa nje juu ya reli mbili ndogo, moja kila upande. Sisi watu wa Malampaka, tuliozoea kuona mabehewa ya Tabora na Mwanza yakipita, reli haitupi shida kuielewa. Vyombo hupangwa kutoka juu, kisha beseni husukumwa ndani. Mipira ya maji na nyaya za umeme zimeachwa ndefu nyuma yake ili ziweze kulifuata liendapo na lirudipo. Likiisha kuingia, mfuniko uliomo ndani ya kabati hushuka wenyewe kwa mota ndogo, ukakandamiza mpira wa ukingoni, hata tone lisipite.

Maji yaleyale, mara nyingi

Mama aliuliza, "Basi vyombo huloweshwa humo kama nguo?" Sivyo. Vali hufunguka na maji huingia, lakini beseni halijai. Maji hufunika sakafu yake tu, lita chache. Kazi nzima, tangu mwanzo hata mwisho, droo moja hutumia maji yasiyofika ndoo moja kubwa ya lita 20. Nilipomwambia hivyo mama yule alinitazama kwa jicho la mashaka, maana yeye huchota maji kwa kichwa na anajua ndoo moja huosha nini.

Siri ni kwamba maji hayo hayakai bure. Chini mna kipashio cha umeme, mfano wa kile cha birika, nacho huyapasha mpaka nyuzi 50, au 60 na zaidi. Mikono yetu haivumilii moto huo, na hapo mashine imetushinda. Kisha pampu huyasukuma kwa nguvu ndani ya mkono mwembamba ulio chini ya vyombo. Mkono huo una matundu madogo yaliyoelekezwa juu kwa kuinama upande. Maji yatokapo kwa nguvu huusukuma mkono wenyewe nyuma, nao huzunguka bila kuendeshwa na kitu kingine. Aliyepata kuona mpira wa kumwagilia ulioachwa chini ukijipinda kama nyoka, ameiona nguvu hiyo.

Maji yakiisha kuzipiga sahani huanguka, hupita katika chujio, hunyonywa tena na pampu na kurushwa tena. Ndivyo maji kidogo yanavyofanya kazi ya maji mengi. Na ndiyo sababu chujio ni kitu cha maana sana katika mashine hii. Likiziba, pampu hukosa maji ya kurusha, na yale machafu hayapati njia ya kutoka.

Sabuni yake nayo si ya kawaida. Huwekwa katika kikopo kidogo chenye kifuniko, kikafunguka chenyewe wakati wake ukifika. Haitakiwi kutoa povu, kwa kuwa pampu ikinyonya povu hupoteza nguvu, na povu lenyewe hutafuta pa kutokea mpaka likamwagika sakafuni. Ndani yake mna magadi, ya jamii ileile yachimbwayo katika ziwa Magadi huko Kenya, pamoja na dawa za kumeng'enya mabaki ya chakula. Magadi hushika mafuta na kuyageuza yakubali kwenda na maji. Bibi zetu waliosugua vyungu kwa majivu walikuwa wakifanya jambo hilohilo, maana majivu ya kuni nayo yana chumvi iliyo ndugu wa magadi. Hakuna aliyewaandikia jambo hilo kitabuni.

Maji machafu yakiisha kufanya kazi hutupwa nje kwa pampu. Katika mashine hizi za droo, mota ileile irushayo maji ikizunguka huku, huyatoa nje ikizunguka kule. Kisha huingia maji mapya ya kusuuzia, nayo hutupwa, na mwisho ni moto uliobaki na feni ndogo kukausha. Hakuna kitambaa kinachopita juu ya sahani. Ningependa akina mama waangalie hapo: kile kitambaa kimoja cha jikoni, kilichofuta meza, mikono na pua ya mtoto, hurudisha uchafu juu ya sahani iliyokwisha kusuuzwa. Kichanja cha miti nyuma ya nyumba, penye jua na upepo, hukausha vema kuliko kitambaa hicho.

Punje za wali

Tulimpigia binti simu palepale. Baada ya salamu nilimwuliza, "Maji yamesimama chini ya beseni?" Akasema, "Ndiyo, baba, hayatoki, na vyombo vinabaki na mafuta." Nikamwambia azime umeme ukutani kwanza, ateke yale maji kwa kikombe, auinue ule mkono wa kurushia, kisha atoe chujio lililo chini yake. Alikuwa hajui kama linatoka. Hakuna aliyemwonyesha; alipewa mashine kama apewavyo mtu ufagio.

Jioni alipiga tena. Ndani ya chujio alikuta tonge zima la punje za wali, mwiba wa samaki na kipande cha karatasi kutoka chupa ya achari. Aliviosha, akarudisha kila kitu mahali pake, na mashine ikanywa maji yake na kuyatapika kama zamani. Fundi hakuitwa. Kwa maoni yangu, tajiri aliyetaka kukata mshahara alipaswa kwanza kusoma kile kitabu kidogo kijacho pamoja na mashine.

Habari za wafanyakazi wa nyumbani na mashine hii zimeanza zamani. Bibi Josephine Cochrane wa Shelbyville, katika jimbo la Illinois, Marekani, alipata hati ya kuvumbua mashine yake ya kuosha vyombo tarehe 28 Desemba 1886. Yasemekana alichoshwa na watumishi waliokuwa wakimegua vyombo vyake vya thamani. Lakini mumewe alikuwa amefariki mwaka 1883 na kumwachia madeni, nami naona deni lilimsukuma kuliko sahani. Alipima vyombo vyake, akavitengenezea vibanda vya waya, akaamuru maji ya moto yenye sabuni yarushwe juu yake. Katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893 mashine zake zilitumika, na wanunuzi wake wa kwanza walikuwa hasa wenye hoteli. Majumbani iliingia baadaye sana.

Mama yule alikuwa na swali moja la mwisho, nami naamini ndilo lililokuwa likimwuma tangu mwanzo. "Je, mashine hii haitamfukuza mwanangu kazini?" Sikutaka kumpa jibu la haraka, hivyo nikamwachia binti mwenyewe alijibu.

"Mama," akasema, "sufuria ya ugali haiingii humo. Na ukoko wa wali hautoki kwa maji ya kurushwa. Nausugua kwa mikono, kama ulivyonifundisha."