Msilaumu Unyevu wa Pwani

Swali huja hivi, karibu neno kwa neno: "Mwalimu, nikicheza Dar mpira haufiki. Hewa ya kule ni nzito, ina unyevu. Ninunue mipira gani?"

Wanaouliza nawafahamu. Ni mawakala wa forodha wa Tunduma, wenye malori na watu wa benki, wanaoteremka Dar es Salaam kufuatilia mizigo bandarini, na kontena likichelewa kutoka hutafuta pa kuchezea. Mkoa wa Songwe hauna uwanja wa gofu. Wengi wao walijifunzia Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, au ng'ambo ya mpaka, kwenye miji ya migodi ya Copperbelt. Maana yake ni kwamba walijifunza kupiga mpira juu sana ya usawa wa bahari, wakadhani hivyo ndivyo mpira unavyoruka duniani kote.

Nimelijibu swali hili ana kwa ana, kwa simu na kwa WhatsApp, na leo nalijibu gazetini ili nipumzike. Kosa linaanza kabla hatujafika kwenye mipira. Unyevu hauifanyi hewa kuwa nzito. Unaifanya kuwa nyepesi.

Najua hapo wengine mmeshakunja uso. Hoja yenu huwa moja: nguo iliyoloa ni nzito kuliko nguo kavu, kwa nini hewa isiwe hivyo? Kwa sababu nguo haitoi nyuzi zake ili kuyapisha maji. Maji yanaongezeka juu ya nguo ile ile. Hewa haina tabia hiyo. Katika nafasi ile ile, kwa joto lile lile na kanieneo ile ile, idadi ya molekuli haibadiliki. Jambo hilo Mwitalia Amedeo Avogadro alilitoa mwaka 1811, na darasani wote mlilipitia mkalifanyia mtihani. Mvuke wa maji ukiingia, naitrojeni na oksijeni hazina budi kutoka. Sasa angalieni uzito wa wanaotoka na wanaoingia: molekuli ya naitrojeni ni 28, ya oksijeni 32, ya maji 18. Anatoka mzito, anaingia mwepesi. Kadiri unyevu unavyozidi, ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Hakuna mjadala.

Asiyeniamini na amwulize rubani anayeruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Songwe (uliopo Mbeya, jina lisiwachanganye). Uwanja ule uko zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari. Rubani anajua kwamba hewa ya hapo ni haba, kwa hiyo ndege itakimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka, na siku yenye joto na unyevu mwingi umbali huo huongezeka tena. Kama unyevu ungeongeza uzito wa hewa, mbawa zingepata cha kukamata na umbali ungepungua.

Twende kwenye kilo na gramu. Chukua meta moja ya ujazo ya hewa ya Tunduma, siku ya nyuzi 22. Uzito wake ni karibu kilo moja. Chukua ujazo huo huo Dar es Salaam, nyuzi 31, siku ile ambayo shati linagandamana na mgongo: kilo moja na gramu 140 hivi. Kwa hiyo hewa ya pwani kweli ni nzito zaidi, hapo hamkukosea. Mnachokosea ni mshtakiwa. Hewa ile ile ya Dar ikikaushwa kabisa, isibaki na chembe ya mvuke, itakuwa na gramu kama 15 zaidi. Unyevu ulikuwa unakusaidia. Kwa mpigo wa meta 200, msaada wenyewe ni kama meta moja. Joto nalo linakusaidia. Kinachokuangusha ni ule mwinuko uliouacha nyumbani: kule juu safu ya hewa iliyo juu ya kichwa chako ni fupi na kanieneo yake ni ndogo, pwani umesimama chini kabisa, na hewa yote imekulalia.

Mbona basi mwili unaapa kwamba hewa ni nzito? Kwa sababu ya jasho. Hewa iliyojaa mvuke haikaushi jasho haraka, mwili haupoi, unachoka, na mtu aliyechoka hupiga mpigo mbovu. Unajisikia mzito, ndiyo. Huko ni kuchoka kwako, mpira hauhusiki.

Juu ya kosa hili watu wamejenga biashara. Nimeletewa mipira ambayo muuzaji aliiita "ya pwani", bei karibu mara mbili, haina tofauti na mingine isipokuwa boksi. Nimemwona mtu mzima, msomi, akitoa mipira kwenye mfuko wa mchele ili "unyevu utoke". Mwingine huilaza kwenye friji usiku kucha ili iwe "mikavu". Huyu wa friji ndiye anayeniudhi zaidi, kwa sababu anajiumiza kwa mikono yake: mpira wa baridi hauna mruko. Joto la pwani lilikuwa limempa mpira mzuri bure, yeye akaugandisha. Na mchele haufanyi lolote kwa mpira ambao gamba lake ni plastiki ngumu. Mpira wa kukwepa ni ule uliokaa muda mrefu dimbwini, ukaopolewa na kuuzwa kwa bei ya chee. Huo hupoteza umbali, Mufindi na Dar vilevile.

Kinachotokea kweli ni hiki. Mpira wa gofu, ambao kwa sheria hauzidi gramu 45.93 na kipenyo chake si chini ya milimita 42.67, huondoka kwenye fimbo ukizunguka kinyumenyume. Mzunguko huo, ukisaidiwa na vishimo vidogo vya kwenye gamba lake, huusukuma juu. Profesa Peter Guthrie Tait wa Edinburgh alilieleza suala la mzunguko tangu miaka ya 1890. Kwa hiyo hewa hufanya kazi mbili: inauinua mpira na inauzuia. Hewa nzito inafanya zote mbili kwa nguvu zaidi. Pwani mpira wako utapanda juu zaidi, utakata kona zaidi ukiukosea, kisha utashuka wima na kufia pale pale. Tofauti ya umbali kati ya usawa wa bahari na mwinuko kama wa Tunduma ni asilimia 6 hadi 10. Mpigo wa meta 150 unapungua kama meta 10, wakati mwingine zaidi. Hiyo ni tofauti ya fimbo moja tu! Hakuna cha kununua. Ulipozoea kushika namba 7, shika namba 6. Mtu wa Mufindi, anayetoka juu zaidi, kwenye mipigo mirefu ashuke namba mbili.

Na upepo. Hapa ndipo watu wa bara tunapoumia, maana kwetu upepo ni jambo la siku, pwani ni jambo la msimu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, kusi huvuma katikati ya mwaka kutoka kusini-mashariki. Shimo ulilolicheza Februari upepo ukiwa mgongoni, Julai unaweza kulikuta upepo uko usoni. Na upepo wa usoni hukunyang'anya zaidi ya kile ambacho wa mgongoni hukupa. Halafu nyasi za asubuhi: zikiloa, mpira ukitua haubingiriki. Hapo maji yana kosa, lakini ni yale yaliyo kwenye nyasi.

Nafasi inaisha, na bado hamjaambiwa mwende wapi. Viwanja vya manispaa, vya kuingia kama bustani, pwani yetu haina. Ni vya klabu au vya hoteli. Vingi hupokea mgeni anayelipa ada ya siku, mradi upige simu kwanza, uvae shati lenye kola, uje na karatasi ya handikapu kama unayo, na usijitokeze siku ya mashindano. Dar es Salaam kuna Gymkhana, mashimo 18 katikati ya jiji, hatua chache kutoka baharini, na Lugalo, mashimo 18 ya jeshi ambayo raia pia hucheza. Unguja nenda Sea Cliff, Mangapwani: mashimo 9, bahari iko pale pale. Mombasa kuna klabu ya mwaka 1911 yenye mashimo 9 juu ya mwamba, kando ya barabara ya Mama Ngina, meli zikipita chini yako kuingia Kilindini. Upepo wa pale hauna adabu. Nyali ina mashimo 18. Diani kuna Leisure Lodge, 18 tena, kwenye miti. Kama unaweza kwenda kimoja tu na mfuko unaruhusu, nenda Vipingo, kati ya Mombasa na Malindi: uwanja umechorwa na David Jones, umejaa mibuyu, bahari inaonekana kutoka kwenye kilima, na wanawake wa mashindano ya Ulaya walianza kuuchezea 2019. Popote uendapo, kodi kedi wa pale pale na umwulize upepo unatoka wapi kabla hujamwuliza umbali. Anza alfajiri. Maji ya kunywa chukua mengi kuliko unavyodhani.

Ukirudi Mufindi, pandisha namba kama ulivyoishusha, la sivyo mpira utautafuta kwenye chai.