Wauguzi Wanapopokezana Zamu

Hospitali haifungwi jioni kama ofisi. Katika Hospitali ya Kitete, mjini Tabora, kama katika hospitali nyingine, wauguzi hupokezana zamu: asubuhi, mchana na usiku. Anayeondoka humpa anayeingia ripoti ya wagonjwa. Mkulima wa tumbaku ataelewa jambo hili upesi.

Mimi ni Bwana Shamba. Ukienda Sikonge au Urambo wakati wa kukausha tumbaku, utaona moto wa bani unachungwa usiku na mchana. Majani yanapogeuka manjano, joto huwa karibu nyuzi 35. Mwishoni, vikonyo vinapokauka, hufika karibu nyuzi 70. Basi mchunga moto akiondoka na kusema tu, "Moto upo," amemwambia nini mwenzake? Aseme joto ni nyuzi ngapi, majani yamefikia wapi, na kuni aliongeza saa ngapi. La sivyo, kazi ya msimu mzima huharibika.

Wodini kinachoharibika si tumbaku. Chukua mtoto mwenye malaria kali. Hupigwa sindano ya atesuneti anapofika, ya pili baada ya saa 12, na ya tatu saa 24 baada ya ile ya kwanza. Kama ya kwanza ilikuwa saa 8 mchana, ya pili ni saa 8 usiku. Aliyepiga ya kwanza amekwisha kwenda nyumbani. Muuguzi wa usiku asipoambiwa, na daftari likiwa tupu, mtoto ataikosa dawa, au atapigwa mara mbili.

Ndiyo maana ripoti nzuri hutolewa kando ya kitanda, si mlangoni mkoba ukiwa begani. Hutaja mgonjwa ni nani, anaumwa nini, amepewa dawa gani na saa ngapi, hali yake imebadilikaje, na kazi gani imebaki. Anayepokea huuliza, kisha hurudia aliyoyasikia. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri juu ya jambo hili.

Watu wa misafara walilijua zamani. David Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1871, alikuta mali aliyotumiwa imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Lakini alipokufa mwaka 1873, watu wake walifungua masanduku mbele ya wote, na Jacob Wainwright akaandika. Ndipo wakaibeba maiti, wakapita Tabora mpaka Bagamoyo. Kwangu mimi, daftari lile lilikuwa ripoti ya zamu hasa.

Nawe unayemuuguza ndugu yako, usikae kimya wakati wa kupokezana. Wewe ulikuwapo muda wote. Sema: "Sista, mtoto ametapika mara mbili tangu jioni, na dripu ilibadilishwa saa 4." Usiogope kuitwa mjuaji. Na wakikiruka kitanda chenu, uliza kwa heshima: "Samahani sista, na huyu je?"