Tao la Constantine na Mizani ya Wanahistoria: Kushuka au Kubadilika kwa Sanaa?

Wanahistoria wa sanaa wametofautiana kwa muda mrefu kuhusu namna ya kueleza mpito kutoka sanaa ya Kirumi hadi sanaa ya mwanzo wa Zama za Kati. Makala hii inajadili tofauti hiyo kwa kurejelea Tao la Constantine, lililozinduliwa mjini Roma mwaka 315 kuadhimisha ushindi wa kaizari huyo dhidi ya Maxentius mwaka 312. Tao hili lina michongo ya aina mbili: ile iliyotolewa katika majengo ya enzi za Trajan, Hadrian na Marcus Aurelius, na ukanda mwembamba uliochongwa kwa ajili ya tao lenyewe. Katika ukanda huo watu ni wafupi, vichwa vyao ni vikubwa, nao wamepangwa safu kwa safu wakimwelekea kaizari aliye katikati.

Mwaka 1550, Giorgio Vasari aliona humo ushahidi wa kushuka kwa sanaa: kwa kukosa mafundi stadi, wajenzi waliazima kazi za waliowatangulia. Mwaka 1901, Alois Riegl alipinga mtazamo huo. Kwake, kila zama ina nia yake ya kisanaa. Hivyo mtindo wa ukanda ule una mantiki yake, wala si upungufu. Hata hivyo, mwaka 1954 Bernard Berenson aliirejesha hoja ya kushuka.

Inabainika kwamba jiwe lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni mizani. Vasari na Berenson walipima kwa kigezo cha umbo la binadamu katika sanaa ya kale. Riegl alipima kwa makusudio ya zama husika. Lakini tafsiri hizi hazilingani kwa uzito. Baadhi ya vichwa vya makaizari wa awali vilichongwa upya na kupewa sura ya Constantine. Kitendo hicho kinaashiria kusudi la kumhusisha na watawala waliosifiwa, na uhaba wa mafundi, hata ukithibitika, hautoshi kukieleza.

Kwa hiyo, mtafiti anayetumia neno “kushuka” hana budi kubainisha kwanza ni nini kilichoshuka, na kwa kigezo cha nani. Bila kufanya hivyo, hukumu ya karne ya 16 itaendelea kusomwa kana kwamba ni maelezo ya karne ya 4.